Kikombe cha Dirishani

Kikombe kilikuwa mahali pake, na hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Veturia Caraman.

Kilikuwa kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka. Kilikuwa kimewekwa kifudifudi dirishani, karibu na mlango, mbali na rafu ya vyombo vingine. Alipokiinua kwa leso aliona duara la unyevu juu ya ubao. Jiko halikuwa limewashwa tangu juzi na baridi ya mto ilikuwa imeingia mpaka ukutani, kwa hiyo humo ndani hakuna kilichokauka upesi. Mezani kilibaki kikombe kimoja tu, cha udongo, cha mwenye nyumba. Ndani yake pombe kali ya plamu ilifika nusu.

Mwenye nyumba, mzee Sidor Halchin, alikuwa amelazwa chini ya turubai kwenye ghala la barafu la kituo cha zamani cha samaki. Meli ya jioni ingempeleka mjini Tulcea kwa daktari wa maiti. Meli hiyo hiyo ingempeleka kijana aliyeshukiwa kumuua, na huko mwendesha mashtaka alikuwa anamsubiri. Veturia alijua mambo yanavyokwenda. Kijana akishapanda meli, hakuna mtu atakayerudi tena hapa Vetrova, kwenye matete ya mdomo wa Danubi, kuuliza swali lolote.

"Mimi naona kazi imekwisha, afande," alisema Sajini Prodan. Alikuwa amesimama mlangoni akitafuna mbegu za alizeti, na kwa heshima ya marehemu maganda aliyatia mfukoni. "Hawa Walipoveni ni Warusi wa imani ya zamani ya Kikristo. Hawanywi chombo kimoja na mtu wa nje. Mimi mwenyewe, miaka yote niliyokaa hapa, kila nyumba napewa kikombe cha dirishani. Wanipende wasinipende, ni cha dirishani tu. Sasa, juzi jioni mzee alikunywa na mtu aliyepewa kikombe hicho. Na mtu wa nje wiki hii, ukiniondoa mimi, ni mmoja."

"Bwana Samaki."

"Bwana Samaki mwenyewe."

Hilo ndilo jina ambalo kijiji kilimpa Octavian Brumaru, mtafiti aliyekuja kila masika kuhesabu samaki ambao watu walikuwa wamekatazwa kuwavua. Prodan akaendelea kupanga hoja zake. Pembe ya benchi ilikuwa na damu na unywele mweupe. Kitambaa kilichookotwa nyuma ya jiko kilikuwa na damu, na juu ya damu kulikuwa na majivu. Maana yake muuaji alifuta damu kwanza, kisha akasugua kikombe chake kwa kitambaa kile kile ili kuondoa alama za vidole.

"Alikiosha wapi?" Veturia aliuliza.

Prodan akatazama beseni lililokuwa chini ya meza. Lilikuwa kavu, na bado lilikuwa na punje za mtama walizolishwa kuku.

Veturia alitoka. Alizunguka ua polepole, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta yai la kuku aliyetaga ovyo. Ndani ya uzio hakukuta kitu. Nje ya uzio, chini ya mwerebi, alikuta majivu yaliyolowa, yametapakaa jinsi maji yanavyotapakaa yakimwagwa kwa mkupuo mmoja. Aliyapiga picha, akachota kidogo akatia kwenye mfuko. Prodan alikuwa ameshamzoea: huyu mama akinyamaza, hajakubali wala hajakataa.

*

Mzee Sidor aliokotwa jana asubuhi na wakata matete, kwenye kona ya mto, akiwa amenasa kwenye kamba ya ndoana. Zana hiyo kila mtu kijijini aliijua. Ni kamba ndefu inayolazwa karibu na sakafu ya mto, na ndoana zake zimepangwa bega kwa bega, bila chambo. Moruni, samaki mkubwa kuliko wote wa Danubi, asiye na magamba bali safu ya mifupa mgongoni, hupita chini akipapasa tope, na ndoana humchoma ubavuni kwa ukali wake tu. Anapojitupa, za jirani nazo humshika. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya halali. Tangu marufuku ilipotangazwa, mtu akikutwa nayo hufungwa.

Aliyemtundika mzee pale alitaka aonekane kama mwizi wa samaki aliyeanguka na kunaswa na mtego wake mwenyewe. Lakini mganga wa zahanati, aliyeitwa kutoka kijiji cha pili, alisema jambo moja la maana: jeraha la nyuma ya sikio lilitoa damu nyingi, na michubuko ya ndoana haikutoa hata tone. Mzee alikuwa amekwisha kufa alipotiwa majini.

Tena, ndoana zilikuwa na kutu.

Veturia alilitaja hilo walipokuwa wakishuka kwenda gatini, na Prodan akalipokea kama zawadi. Ndoana isiyo na chambo, ikiwa butu, haimshiki hata chura. Mvuvi wa hapa huinoa kwa tupa mpaka inakwaruza ukucha. Basi aliyetumia kamba ya kutu iliyotupwa kwenye ghala bovu la kituo cha samaki ni mtu asiyejua ndoana. Ni msomi.

"Muulize hata Anfim," alisema.

Anfim alikuwa kwenye mashua yake nyeusi iliyopakwa lami, amekaa juu ya tangi la petroli. Injini ya polisi ilikuwa imekufa, na tangu jana yeye ndiye aliyewapeleka huku na huku. Alikuwa mwana wa Avdotia, dada wa marehemu. Wanaume wote wa rika lake kijijini walikuwa na ndevu. Yeye alirudi kutoka kazi za ujenzi Italia akiwa amenyoa kidevu, na hakuzifuga tena.

Veturia akamuuliza kama mtu wa Vetrova angeweza kutega ndoana za kutu.

"Labda kama anataka kuwachekesha samaki, afande." Alitabasamu, kisha akakumbuka msiba, akaacha. "Sisi hata mtoto anajua. Huyo ni Bwana Samaki wenu. Anajua moruni ana miaka mingapi, hajui anavuliwaje. Ingia, lakini mwambie sajini akae katikati. Akikaa pembeni tutamfuata mjomba."

Prodan akamwambia aangalie mdomo wake, na akakaa katikati.

Kabla hawajaondoka, Avdotia alishuka ukingoni na sufuria ya maharage ya Kwaresima, yasiyo na mafuta. Alikuwa mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi. Aliwauliza maofisa kama wangependa kula nyumbani kwake baadaye. Mwanawe alimnyooshea kopo la bati alilokuwa nalo ndani ya mashua, naye akammiminia kutoka juu, kwa uangalifu mkubwa, upawa usiguse kopo. Veturia aliliona hilo, na wakati huo hakulipa uzito.

*

Octavian Brumaru alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya kituo cha polisi, kati ya matairi na jenereta. Alikuwa kijana mwembamba, mkono mmoja wa miwani yake umeshikizwa kwa plasta.

"Sikumuua, mama."

"Sijakuuliza hilo. Nieleze ulikunywa nini kwake."

Alikunywa chai, alisema, siyo pombe. Na ilikuwa mchana, jua bado liko juu. Jioni alikuwa hemani kwake akisafisha betri. Hapana, hakuna aliyemwona.

"Chai ulinywea kikombe gani?"

"Cha bati. Kile changu."

"Ukimaliza kunywa unakiweka wapi?"

Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaeleza kwamba mwaka jana, kwa kutaka kuwa mgeni mwema, alikiosha kikombe kwenye beseni la ndani na kukipanga kwenye rafu pamoja na vingine. Avdotia alipoingia na kukiona alishika ukuta. Padri aliitwa kuiombea rafu nzima. Beseni lile lilitupwa, wakanunua jingine. Kijiji kilicheka majira yote ya baridi, na hadi leo watoto wakimwona hufunika vikombe vyao.

"Tangu siku hiyo mzee hunipokonya mkononi, kama mtoto. 'Lete hapa, profesa, usije ukatupeleka motoni.' Halafu anatoka nacho nje."

"Nje anakifanya nini?"

"Sijui, mama. Sijawahi kumfuata."

Veturia alirudia swali kwa njia nyingine, kisha kwa njia ya tatu. Jibu halikubadilika. Akalihamisha swali kwenye ugomvi wake na mzee, kwa maana majirani walisikia sauti zikipanda.

Hapo Octavian alisema kwa kirefu. Miaka miwili nyuma, yeye na Sidor walimpata moruni jike, mrefu kuliko mashua, wakamtia tumboni kidude kidogo kinachotoa mlio ndani ya maji, wakamwachia. Sidor alimwita Bibi. Vifaa vya kusikilizia vilizamishwa mahali kadhaa mtoni, na kazi ya mzee ilikuwa kuvitunza. Masika haya Bibi aliingia kutoka baharini kwenda juu kutaga. Alipita kifaa cha kwanza. Alipita cha pili. Cha tatu hakufika, na wala hakurudi nyuma. Yuko hapo katikati, karibu na kijiji, na moruni mwenye mayai hakai mahali pamoja kwa hiari yake.

"Nilitaka kuita doria kutoka Tulcea. Mzee akakataa. Akasema, 'Nipe mpaka kesho, hili nitalimaliza bila serikali.' Nikamwambia anamficha mwizi. Ndiyo hiyo kelele waliyoisikia."

"Akakujibu nini?"

Octavian alivua miwani, akaifuta kwa shati chafu. "Akasema, 'Tumewala mama zao wote. Huyu mmoja nitampisha mwenyewe.'"

Veturia aliondoka na swali moja jipya. Mzee ambaye hakuwahi kumwogopa mtu alikuwa akimpa mwizi nafasi. Mtu humpa nafasi nani?

*

Nyumba ya Avdotia ilikuwa kama ya kaka yake, kila kitu mahali pake: picha takatifu pembeni, jiko la matofali, rafu ya vyombo, na dirishani, karibu na mlango, kikombe kimoja cha bati. Alimwekea Veturia maharage kwenye bakuli la kando na maji kwenye kikombe hicho. Prodan alikwenda kulishughulikia sanduku la mtafiti, lililokuwa limezuiwa kama kielelezo.

Veturia alikunywa. Akasema kwamba utotoni, Tulcea, walipakana ukuta na familia ya Walipoveni, na bibi wa nyumba ile alikuwa akimpa maziwa kwenye kikombe kama hiki. Baada ya hapo alikuwa akikitoa nje ya uzio, anakisugua kwa majivu, na maji yake anayamwaga huko huko, yasiguse ua.

"Bibi huyo alikuwa mtu wa imani," alisema Avdotia.

"Na hapa mnafanya hivyo hivyo?"

"Nyumba zote."

"Mnawaeleza wageni?"

"Tuwaeleze ya nini? Waone tunawaona najisi?"

Alikuwa akichambua maharage ya kesho, na aliendelea kuchambua. Veturia akamwacha aongee kuhusu marehemu, naye akaongea, kwa vipande. Siku za chama cha Kikomunisti Sidor aliongoza kikosi cha wavuvi cha serikali. Kila moruni alipita kituoni, na mdogo alirudishwa majini, kwa sababu mkaguzi alikuwa mkali na Sidor alikuwa mkali kumpita mkaguzi. Chama kilipoanguka, kila mwenye kamba akawa bwana wa mto. Vijana walikuwa wakipasua tumbo, wanachukua mayai, mzoga wanauacha uelee. Kisha vikaja vibali, kisha mgawo, kisha marufuku, na kila kimoja kikaja na bwana wa mjini na ahadi ya fidia. Marufuku ilifika. Fidia ilipotea njiani. Sidor alikuwa wa kwanza kurudisha kamba zake kituoni, na kuna watu waliacha kumsalimu. Wanaume wengine wakaenda Italia na Hispania kubeba matofali.

"Anfim naye alikwenda."

"Alikwenda. Akaoa huko, kwa serikali, bila padri. Mwanamke hakuja." Punje moja ilianguka sakafuni, akainama kuiokota.

Veturia alikisogeza kikombe katikati ya meza.

"Mama Avdotia, mtu wa imani yenu akitengwa na kanisa, akija kwa ndugu yake, anapewa kikombe gani?"

"Unajua, halafu unauliza."

"Na huku kijijini nani ametengwa sasa?"

"Muulize padri."

Hakumtazama Veturia. Aliinuka, akaenda kwenye dirisha linalotazama gatini, akavuta pazia. Kisha alirudi kwenye maharage yake, na mikono yake haikukumbuka tena lipi zuri na lipi bovu. Yote yalikwenda bakuli moja.

Veturia hakuwa mtu wa kuhukumu upesi, na alichokuwa nacho mkononi kilikuwa majivu na kikombe, vitu ambavyo mwendesha mashtaka angevicheka. Lakini sasa vilikuwa vimekaa sawa. Aliyekunywa juzi jioni alipewa kikombe cha mtu wa nje. Aliyekiosha, damu ikiwa bado mbichi, alikiosha kama mtu wa ndani. Octavian angekitia beseni, au mfukoni, au mtoni. Ni mtu aliyelelewa kwenye nyumba kama hii tu ambaye, baada ya kuua, angetoka nacho nje ya uzio, akiogopa kuutia najisi ua wa marehemu.

Alishukuru kwa chakula. Mlangoni aligeuka.

"Ulikiona kikombe kabla ya sajini?"

Avdotia aliinamia tena maharage yake.

*

Alimtaka Prodan amtoe kijana stoo na alete kifaa cha kusikilizia. Prodan alisema hilo halijawahi kufanyika, mtuhumiwa kupelekwa matembezi. Veturia akasema atajibu yeye. Walimfunga Octavian pingu kwa mbele ili aweze kushika vitu, wakaingia kwenye mashua ya Anfim, kwa sababu nyingine haikuwepo na kwa sababu Veturia alitaka hiyo hasa.

Anfim aliitazama pingu, akaitazama ile fimbo ndefu yenye kitu kama kengele nyeusi mwishoni.

"Tunavua nini leo?"

"Tunasikiliza tu," alisema Veturia. "Tupeleke kwenye kona alikookotwa mjomba wako."

Walikwenda. Mto ulikuwa umejaa maji ya masika, rangi ya udongo, na vipande vya matete yaliyokufa vilipita vikizunguka. Kwenye kona injini ilizimwa, Octavian akatumbukiza fimbo na kuvaa visikilizi. Akatikisa kichwa. Walijaribu juu zaidi. Hakuna kitu. Anfim aliwapeleka kila walikomwambia, bila ubishi, akawaonyesha hata mashimo ya kina ambayo wavuvi wa zamani walidai moruni hulala humo. Prodan alikuwa akitazama upande wa mjini, ambako moshi wa meli ungeonekana wakati wowote.

"Basi turudi," alisema Veturia. "Pita kwa nyuma, kwenye mfereji wa nyumba za mwisho."

"Kule ni matope, afande. Propela itashika."

"Umepita huko leo asubuhi, nilikuona ukija."

Anfim alipinda usukani. Mfereji ulikuwa mwembamba, mierebi imeinamia maji pande zote. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, peke yake, na gati yake ya mbao ilikuwa imejificha nusu ndani ya matete. Octavian alikuwa ameacha fimbo majini, bila kuambiwa. Ghafla aliinua mkono wenye pingu.

Anfim aliongeza mafuta. Injini ikanguruma.

"Zima," alisema Veturia.

"Maji yatatubeba, afande, tutagonga..."

"Zima injini, Anfim."

Prodan alikuwa mzito wa kufikiri lakini siyo wa mikono. Alinyoosha mkono akakatiza petroli. Kimya kiliingia, na mashua ikateleza yenyewe kuelekea gatini. Octavian alivua visikilizi akampa inspekta. Veturia alisikia maji, kisha mlio mkavu, mdogo, kama ukucha unaogonga kioo. Kisha tena. Kadiri walivyosogea ndivyo ulivyokuwa wazi.

Kamba ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya gati, chini ya usawa wa maji, mahali ambapo jicho halifiki. Prodan alivuta. Alivuta tena, na kitu kilichokuwa chini kikavuta upande wake, polepole, bila hasira. Mgongo ulitokea kwanza, safu ya mifupa kama meno ya msumeno wa mbao. Kisha kichwa, na kamba ikiwa imepitishwa mdomoni na kutokea kwenye shavu. Ubavuni kulikuwa na matundu ya ndoana, yamenyooka, safi. Hayo hayakuwa matundu ya ndoana za kutu.

"Bibi," alisema Octavian, na sauti yake ikakatika.

Wote wakamgeukia Anfim. Alikuwa ameketi juu ya tangi, mikono katikati ya magoti.

"Mnunuzi alikuwa aje jana," alisema. "Kwa sababu ya polisi hakuja. Mayai yakikaa ndani ya samaki mzima hayaharibiki."

"Mjomba wako aliiona kamba."

"Aliiona. Nikaenda kumwomba. Nilimwambia huyu mmoja tu, halafu naondoka, sirudi tena. Akaniambia nimfungue kabla ya asubuhi, la sivyo ataita doria." Aliyatazama maji. "Angeniambia tu. Lakini akanikaribisha kwanza. Yule ndiye aliyenibeba siku ya ubatizo, afande. Aliinuka, akapita rafu yote ile, akaenda kuniletea kikombe cha dirishani. Akanimiminia kwa mbali, kama ninavyomiminiwa na mama. Nikamsukuma. Sikukusudia benchi."

"Na kamba ya kutu?"

"Ya kwangu ilikuwa majini."

Prodan akamtazama kwa mdomo wazi. Veturia aliuliza swali la mwisho, siyo kwa ajili ya mwendesha mashtaka.

"Kwa nini ulikiosha vile?"

Anfim alifikiri. Ilionekana ni swali ambalo hakuwa amejiuliza.

"Mkono ulikwenda wenyewe," alisema.

Pingu zilihamishwa kutoka mikono ya mmoja kwenda ya mwingine. Octavian aliingia majini mpaka kifuani, katika baridi ile, akamkata Bibi kamba na kumshikilia mpaka akapata nguvu. Samaki alikaa kando yake kwa muda kama aliyesahau njia. Kisha akazama. Octavian alitumbukiza fimbo, akasikiliza, meno yakigongana. Alisema samaki anashuka, hapandi. Anarudi baharini. Mwaka huu hatataga, na mwaka kesho hakuna ajuaye.

*

Habari ilitangulia. Walipofika kwenye gati kubwa, meli ilikuwa imeshatia nanga, na wanawake wa Vetrova walikuwa wamesimama ukingoni na vitambaa vyao vyeusi. Wanaume walisimama nyuma yao. Hakuna aliyetukana. Mzee mmoja alivua kofia kwa ajili ya jeneza lililokuwa likipakiwa, kisha akaivaa tena Anfim alipopita.

Chini ya ngazi ya meli Anfim alisimama akasema ana kiu. Prodan alitazama huku na huku. Kikombe cha dirishani cha nyumba ya Sidor kilikuwa ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye sanduku la vielelezo. Wanawake hawakutikisika.

Avdotia alitoka kati yao. Alikuwa na birika mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alitoa chini ya aproni kikombe chake mwenyewe cha udongo, kilichochakaa mahali pa mdomo kwa miaka ya kutumiwa na mtu mmoja. Veturia alikitambua: alikuwa amekiona saa chache zilizopita, kwenye rafu ya Avdotia, chini ya picha takatifu.

"Mama, usifanye hivyo," alisema Anfim kwa sauti ya chini.

Mama yake alijaza maji, akamwekea kikombe mdomoni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa. Alikunywa hadi nusu. Maji yalimtiririkia kidevuni kusiko na ndevu, naye akamfuta kwa kiganja. Kisha Avdotia alikigeuza kikombe, akatafuta mahali pale pale palipoguswa na mdomo wa mwanawe, akanywa maji yaliyobaki, yote, mbele ya kijiji.

Anfim alipandishwa. Ngazi ikavutwa. Avdotia alibaki ukingoni mpaka meli ikapita kona, kisha akageuka kwenda nyumbani, kikombe mkononi. Wanawake waliokuwa nyuma yake, ambao alisali nao tangu utotoni, walirudi nyuma wote pamoja, wakampisha njia pana, kama wanavyompisha mtu wa nje.